Kabla hamjamwita mtukutu, mpimeni masikio

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Nakuru, mtaa wa Section 58. Mume wangu alihamishwa kikazi, nami nikamfuata. Naandika haya kwa sababu kila nikirudi nyumbani likizo, hakosi dada au shangazi wa kunivuta kando aniulize kwa sauti ya chini: "Yule mwanao mlimfanyaje hata akatulia? Nami nina wa kwangu anitoa roho." Jibu lake si la sentensi moja, na nimechoka kulitoa nusu nusu mlangoni huku watu wavaa viatu. Leo nalitoa lote.

Kwanza nikiri. Mwanangu nilimpiga. Nilimpiga kwa kutosikia, na kumbe kweli alikuwa hasikii.

Tangu alipotimiza miaka minne hakuwa mtoto wa kukaa. Alipanda madirisha, alivunja vikombe, alikimbia katikati ya safu msikitini mpaka babake akaacha kumchukua kwa aibu. Ukimwita mara tatu haitiki, mara ya nne akuangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alipoingia gredi ya kwanza, mwalimu wake aliniambia: "Mama, huyu kijana ana kiburi. Namwambia keti, ananiangalia tu." Muhula wa pili nikaitwa ofisini, nikaambiwa kwa upole kwamba nimtafutie shule "itakayomfaa."

Kila mtu alikuwa na jina la shida yake. Kwetu Mombasa walisema kapigwa jicho. Wengine wakasema ni jini la ukoo, wakamtajia na babu aliyekuwa nalo. Majirani wa Section 58 walisema amedekezwa, hana fimbo. Mimi mwenyewe nilisema ni mtukutu. Majina yalikuwa mengi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempima.

Dakika kumi na kichupa kimoja

Tukaenda kliniki moja ya kulipia. Aliyetuhudumia hakumgusa mtoto, hakumwangalia masikio wala macho, hakuuliza anavyolala. Alinisikiliza mimi, akamtazama mtoto anavyozungusha kiti, akaandika herufi nne, ADHD, akatupa matone ya kumtuliza. Dakika kumi hazikufika.

Siku ya kwanza na ya pili mtoto alilala darasani huku mate yakimtoka, na mwalimu akafurahi kwamba ametulia. Usiku wa tatu shingo yake ilipinda upande mmoja ikakaza, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Nilimpigia shangazi simu nikilia, naye akaniambia, "Si niliwaambia? Hilo lenyewe sasa lajitokeza." Wallahi usiku ule niliamini.

Tulimkimbiza hospitali. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alimtazama mtoto mara moja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Anatumia dawa gani?" Kwa bahati nilikuwa na kichupa mkobani. Akakisoma, akamwita daktari, mtoto akadungwa sindano, na baada ya nusu saa shingo ilikuwa imerudi mahali pake. Daktari akatueleza kwamba dawa fulani za kutuliza, zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa makali ya akili, huweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho katika siku za mwanzo, hasa kwa watoto na vijana. Ni jambo linalojulikana na lina tiba yake.

Kwa hiyo, kabla sijaendelea, chukueni hili: mtoto akiandikiwa dawa yoyote, ulizeni jina lake, yatibu nini, na madhara yake ni yapi. Mkienda hospitali, bebeni kichupa. Na kumlaza mtoto usingizi si kumtibu. Mtoto aliyelewa dawa hasumbui mtu, lakini hajifunzi kitu.

Aliyegundua alikuwa ustadhi

Likizo ya Desemba tulishuka Mombasa. Mamangu akampeleka kwa ustadhi anayesomesha watoto mtaani kwetu, nia yake ikiwa asomewe na anyweshwe kombe. Mzee yule akasema atamsomea, lakini kwanza amsikilize siku tatu pamoja na wenziwe chuoni.

Siku ya tatu akaniita. "Mwanangu," akaniambia, "huyu akikaa mbele yangu akinitazama mdomo, herufi azipata. Nikimgeuzia mgongo, sini na shini azichanganya, na tha haisikii kabisa. Nimemwita kwa nyuma mara nne hakugeuka. Mtoto huyu hana kiburi, yuasoma midomo. Dua nitamwombea, nayo dua haigombani na daktari. Mpeleke akapimwe masikio."

Watu wamsema vibaya kila mwenye kombe na azima, kama kwamba wote ni wa kudanganya. Mimi nimeona mwalimu wa chuo, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza sauti za watoto, akijua katika siku tatu kile tulichokikosa miaka mitatu. Namtaja kwa heshima.

Tuliporudi Nakuru tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto alivalishwa vifaa masikioni akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Milio mingi ilipita mkono ukiwa chini. Nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na majimaji mazito, na nyuma ya pua nyama zilikuwa zimefura zikaziba njia ya hewa. Ndiyo maana alikuwa akikoroma usiku kama mtu mzima. Na mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usiku hapumziki. Tofauti na mtu mzima, mchana hasinzii, bali huwa na pilikapilika na hasira.

Majimaji haya ni ya kawaida kwa watoto wadogo, na mara nyingi hukauka yenyewe, kwa hiyo daktari alituambia tungoje miezi mitatu apimwe tena. Hayakukauka. Akafanyiwa upasuaji mdogo: nyama za nyuma ya pua zikaondolewa, na kijibomba kidogo kikawekwa katika kila ngoma ya sikio ili majimaji yatoke na hewa ipite. Wiki hiyo hiyo mtoto wangu alianza kulalamika kuwa mimi napiga makelele.

Nusu iliyobaki

Ningependa kuwaambia kwamba hadithi iliishia hapo. Haikuishia. Alisikia, akaitika, akalala vizuri, hasira zikapungua. Lakini kukaa bado hakuweza. Daftari moja alilipoteza mara tatu kwa wiki. Swali la hesabu aliloliweza kwa mdomo alishindwa kulimaliza kwa kalamu. Alivuka barabara bila kutazama.

Safari hii tulifuata njia. Tulipata barua ya mwalimu wake mpya iliyoeleza anachokifanya darasani, bila ya kumpa jina. Mimi nikaandika kwa wiki mbili nilichokiona nyumbani: saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, baada yake tukafanya nini. Daktari wa watoto akatupa fomu mbili za maswali, moja yetu na moja ya mwalimu. Akataka kujua ujauzito ulikwendaje, mtoto alitembea lini, alisema lini, kama aliwahi kupata degedege, kama nyumbani kuna ugomvi. Tulienda mara tatu. Mwisho akasema ni ADHD.

Ndiyo, herufi zile zile nne za yule wa dakika kumi. Yule wa kwanza alibahatisha. Alipata jina la nusu ya shida, akaiacha nusu nyingine ndani ya masikio, na dawa aliyotoa haikuwa yake. Jina hata likiwa sahihi halimsaidii mtoto ikiwa hakuna aliyempima.

Tabia ni dalili

Hili ndilo daktari alilonifundisha, nami nalipitisha kwenu. Tabia mbaya ya mtoto ni kama homa. Homa yakwambia kuna kitu, haikwambii ni kitu gani. Kabla ya kukubali jina lolote, hakikisheni haya yameangaliwa:

Masikio, hata kama mtoto asema vizuri, hasa akiwa na mafua yasiyoisha au masikio yanayotoka usaha.

Macho. Asiyeona ubao huchoka nao, na akichoka huanza kumchezea jirani.

Usingizi. Akoroma? Alala mdomo wazi? Alala saa ngapi? Simu iko wapi usiku?

Kifafa cha kimya. Hiki hakiangushi. Mtoto hukatika ghafla, akakodoa macho sekunde kumi au kumi na tano, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kitu, na huweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Walimu husema anaota ndoto za mchana. Mguseni bega: anayeota atashtuka, mwenye kifafa hiki hatajibu mpaka kipite. Kina kipimo chake cha umeme wa ubongo na kina dawa zake.

Damu. Upungufu wa madini ya chuma humchosha mtoto na kumpunguzia umakini. Na kuna madini ya risasi, ambayo sisi wa Mombasa tuna ushahidi wake mchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi 2007. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi hapo, na mtoto wake mdogo akaugua. Akatibiwa malaria na homa ya matumbo, asipone, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye ndiye aliyeongoza vita mpaka kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi huingia ubongoni ikapunguza akili na kuleta utukutu na ukali. Ikiwa mnaishi karibu na watu wanaovunja au kuyeyusha betri, mwambieni daktari bila ya kungoja aulize.

Hofu na msiba. Hapa Nakuru, Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwatoa watu makwao, na familia nyingi zikalala kwenye mahema uwanja wa maonyesho. Jirani yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Aniambia kwamba mwaka mzima aliitwa mtundu kwa kukojoa kitandani na kuwapiga wenziwe, wala hakuna aliyemuuliza aliona nini. Mtoto aliyefiwa, aliyeshuhudia mamake akipigwa, au anayechezewa vibaya na mtu mzima, hutoka kwa tabia kabla ya kutoka kwa maneno.

Usonji. Ikiwa mtoto amechelewa kusema, hakutazami, haonyeshi kitu kwa kidole, ashikilia mambo yale yale na kukasirika yakibadilika, hilo ni jambo jingine lenye msaada wake, na likianza kushughulikiwa mapema ndivyo bora.

Yote haya yakishaangaliwa, ndipo ADHD yaweza kuzungumzwa. Haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa; atakayewauzia kipimo kama hicho mkimbieni. Hujulikana kwa historia. Dalili zake ziko makundi mawili, ya kukosa umakini na ya kutotulia na kukurupuka, kila kundi lina dalili tisa. Mtoto awe na angalau sita za kundi mojawapo, zimedumu miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zaonekana zaidi ya mahali pamoja. Mtoto anayesumbua shuleni tu na nyumbani ametulia, tazameni shule. Anayesumbua nyumbani tu, tujitazame sisi. Duniani hukadiriwa watoto kama 5 katika kila 100 wanayo. Wasichana hupitwa zaidi, kwa sababu wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya akili ikiwa mbali, nasi twasema ni mpole.

Tiba yenyewe

Wa kwanza kutibiwa tulikuwa sisi wazazi. Nilifundishwa kutopiga ukelele kutoka jikoni. Nenda alipo, mguse bega, mtazame, mpe agizo moja tu. Si "vua viatu, osha mikono, leta kitabu, mbona wachelewa." Ni "vua viatu." Akishavua, msifu hapo hapo, kisha toa la pili. Kazi ya shule tuligawa vipande vya dakika kumi, akimaliza kimoja aruka nje kisha arudi. Mambo ya asubuhi tukayachora kwa picha ukutani: kitanda, mswaki, nguo, chai, mkoba. Hasira zangu zilichukua muda mrefu kuliko zake kutulia.

Mwalimu mpya alimweka mbele, mbali na dirisha, na akampa kazi ya kugawa vitabu ili awe na sababu halali ya kusimama. Halikugharimu shilingi.

Kisha dawa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, mafunzo ya wazazi ndiyo hutangulia. Kuanzia sita, shida ikibaki kubwa, daktari bingwa aweza kuandika methylphenidate, dawa inayotolewa kwa karatasi ya daktari tu. Wa kwetu anaitumia. Kabla ya kuanza alipimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha, na hupimwa kila anaporudi. Chakula cha mchana hakitaki, kwa hiyo asubuhi ala vizuri kabla ya dawa na usiku ala tena. Dawa ikipewa jioni humkosesha usingizi. Haikumfanya mtoto mwingine. Bado ni mcheshi, bado ana kelele, ila sasa aweza kungoja zamu yake.

Pa kuanzia

Kenya tuna vituo vya tathmini ya elimu vinavyojulikana kwa herufi zao, EARC. Mpango huo ulianza 1984, na ofisi za elimu za kaunti ndogo zaweza kuwaelekeza kilipo chenu. Huko mtoto huangaliwa anavyojifunza, na barua yao shule huiheshimu. Kwa Nairobi kuna KISE, chuo cha elimu maalumu kilichoanzishwa 1986, ambacho nacho hufanya tathmini. Upande wa afya, anzeni na kliniki ya watoto ya hospitali ya kaunti, ombeni barua ya rufaa, na hakikisheni mtoto amesajiliwa SHA na mmeuliza kinacholipiwa kabla ya kulazwa.

Na shule ikiwasukuma, jueni haki yenu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza viboko na mateso ya akili kwa mwanafunzi, na hairuhusu mtoto kufukuzwa kiholela kwa sababu mwalimu amechoka. Mimi sikujua. Niliambiwa nimtoe, nikamtoa, nikashukuru.

Sasa ana miaka tisa, gredi ya tatu. Juzi tulikuwa Mombasa, mamangu akamwita kutoka uani kwa sauti yake ya kawaida, na mtoto akajibu, "Labeka bibi!" akaja. Mamangu alikaa na mwiko mkononi, amesahau alichomwitia. Mimi nilikuwa jikoni. Nilizikumbuka zile mara zote nilizomwita, akanyamaza, nikainua mkono.

Kwa hivyo dada zangu mnaonivuta kando, jioni ya leo fanyeni jambo moja. Mtoto akiwa anacheza, simameni nyuma yake hatua tatu, asiwaone, mtaje jina lake kwa sauti ya chini. Fanyeni hivyo mara kadhaa, siku kadhaa. Asipogeuka, msimpige. Mpelekeni akapimwe. Akigeuka pia, msidhani mmemaliza: kuna macho, usingizi, damu na hofu vya kuangaliwa kabla hamjampa jina.